Bi Tulia na Chumba cha Mgeni

Kwanza naomba radhi. Wasifu huu ulitakiwa usomwe kwenye hafla ya kumuaga Bi Tulia, Ijumaa ya tarehe ishirini na nane, kabla keki haijakatwa. Sikuumaliza. Mwanangu anaota meno mawili kwa mpigo, na karatasi ya kwanza niliyoandika aliitafuna kona yote ya juu, pale penye tarehe. Tangu hapo nimekuwa nikiandika aya moja, nasinzia, naamka nakuta kalamu imechora mstari hadi mezani. Wiki tatu zimepita hivyo. Mhariri wa jarida letu amenipigia simu mara nne, na ya mwisho hakunisalimia. Ana haki.

Basi, kwa kumbukumbu ya wote: Bi Tulia, mkuu wa mitambo katika kiwanda chetu cha vitabu vya nukta nundu, amestaafu siku hiyo ya tarehe ishirini na nane baada ya kutumika miaka thelathini na moja na miezi minne. Kwa muda wote huo alichelewa kazini mara mbili. Mara moja alikuwa anajifungua.

Alianza akiwa mkusanya kurasa. Wale wanaotutembelea kwa haraka wakidhani sisi tunatoboa karatasi tu, wajue kwamba kitabu cha kawaida cha darasani, kikigeuzwa kuwa nukta za kusomwa kwa vidole, huzaa vitabu vitatu au vinne vinene, na kurasa zake haziwezi kubanwa wala kurundikwa hovyo, maana nukta zikilala hazisomeki tena. Kukusanya kurasa ni kazi ya mikono myepesi. Bi Tulia alikuwa nayo. Baada ya miaka mitano akapandishwa kwenye mtambo wa kuchapa, ule mkubwa wa chumba cha nyuma, ambao ukianza kugonga unadhani mawe yanamwagwa juu ya bati.

Jina la Bi Tulia alilipata huko. Mtambo ukikwama, wengine walikuwa wakiupiga ngumi ubavuni. Yeye aliuwekea kiganja na kuuambia, “Tulia. Tulia mama, nakuja.” Halafu anafungua kifuniko na kutoa kipande cha karatasi kilichojikunja. Alituambia vivyo hivyo na sisi. Alimwambia hata meneja, siku ile ya ukaguzi, mbele ya wageni, na meneja akatulia.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa siku kumi ndani ya boksi kwa sababu kila mtu alikuwa na kazi nyingi ghafla. Bi Tulia ndiye aliyekata gundi ya boksi. Alipelekwa mafunzo ya wiki mbili, akarudi na daftari lililojaa na macho mekundu, na kuanzia siku hiyo yeye akawa ndiye mtu wa kompyuta. Hakuwahi kwenda chuo. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu na mimi sikwenda, na siku ya kwanza nilipoajiriwa, miaka sita iliyopita, aliniuliza swali moja tu: “Ukiona kitu hukijui, unanyamaza au unauliza?” Nikasema nauliza. Akanisogezea kiti.

Sasa niwaeleze kuhusu ile programu, maana bila hiyo hamtaelewa alichotufanyia huyu mama.

Programu yetu ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu ni ya zamani. Aliyeitengeneza alikaa hapa kiwandani miezi mingi na mhakiki wetu, yule tunayemwita Profesa, ambaye haoni na husoma kwa vidole kila kitabu kabla hakijatoka. Pamoja waliingiza vifupisho vyote vya lugha yetu, kanuni za hesabu, alama za muziki, hata namna ya kuandika mashairi. Hakuna programu nyingine yenye hayo. Kampuni iliyoitengeneza ilifungwa kitambo, na programu yenyewe inakubali kuishi kwenye mfumo mmoja tu wa kompyuta, ule wa enzi zake. Kompyuta za enzi hizo zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Makao makuu wakatuletea mpya, zenye mfumo mwingine kabisa. Ukiiweka ile programu humo, inakutazama kama mtu uliyemwita kwa jina la jirani yake.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Mimi sikuwepo, nasimulia kama nilivyosimuliwa na Profesa, naye hupenda kuongeza chumvi, lakini nimemhakiki kama anavyonihakiki mimi.

Alikuja mtaalamu kutoka makao makuu, mtu mpole, akasema ziko njia mbili. Bi Tulia aliziandika kwenye daftari kwa majina yake mwenyewe, na mpaka leo hapa kiwandani hatujui kuziita vingine.

Njia ya kwanza aliiita mkalimani. Programu inabaki na lugha yake ya zamani, na katikati yake na mfumo mpya anakaa mkalimani. Programu ikisema “nifungulie faili”, yeye anageuza, anapeleka upande wa pili, analeta jibu. Mfumo wa zamani haupo kabisa. Ni njia nyepesi, haili nafasi, na programu inafunguka kabla hujaketi vizuri.

Njia ya pili ndiyo watu wa vitabu huiita mashine pepe. Bi Tulia aliiita chumba cha mgeni. Ndani ya kompyuta mpya unajenga kompyuta nyingine nzima, ya kuigiza, na humo unauweka mfumo wa zamani kama ulivyokuwa, na programu yako juu yake. Mgeni yuko chumbani kwake, na kitanda chake, na saa yake ukutani, wala hajui kwamba dunia ya nje imebadilika. Lakini mgeni huyo anakula. Anachukua nafasi, anachelewa kuamka, na anataka kutunzwa.

Mtaalamu alipendekeza mkalimani. Meneja wa wakati huo akaona programu inavyofunguka upesi, akapiga makofi. Bi Tulia alisema angependa kwanza waujaribu mtambo kwa juma zima. Akaambiwa hakuna juma zima, shule zinasubiri kitabu cha jiografia. Profesa alikuwa likizo. Wakachapa nakala arobaini, wakazikagua kwa macho, watu watatu, ukurasa kwa ukurasa. Nukta zilikuwa safi, zimejipanga, zinapendeza. Meneja akasema, “Macho sita yametazama. Funga boksi.”

Profesa akarudi Jumatatu, akachukua nakala moja iliyobaki mezani, akaipapasa akiwa bado na koti. Akafika ukurasa wa pili, akasimama.

“Huu mto umeanzia mlimani,” akasema, “na haufiki popote.”

Wakadhani anatania. Akafungua ukurasa wa tano. “Na mji mkuu wa nchi hii kaula nani?”

Mistari miwili ya chini ilikuwa haipo. Kila ukurasa, nakala zote arobaini. Kwenye kioo cha kompyuta mistari yote ilionekana, lakini programu yetu huzungumza na mtambo moja kwa moja, kwa maneno ya faragha yao wawili, na mkalimani maneno hayo hakuwahi kuyasikia. Alipofika hapo akakisia: akaupa mtambo kipimo cha karatasi ya kawaida, kifupi kuliko yetu. Na watu watatu wenye macho walikuwa wamekagua nukta bila kuzisoma. “Nyinyi wenye kuona mnadanganywa kirahisi mno,” Profesa akawaambia. “Kitu kikiwa kizuri tu, mnasaini.”

Bi Tulia alikuwa mmoja wa wale watatu. Hilo alinisimulia mwenyewe, hakulificha. Tangu siku hiyo hakuna ukurasa unaotoka kiwandani bila kupita chini ya vidole vya Profesa, hata kama unatakiwa na Rais wa dunia.

Mtaalamu alirudi, akasikitika kweli, akasema mkalimani anaweza kufundishwa maneno mapya, ila atafutwe mtu wa kumfundisha na itachukua miezi. Bi Tulia akamjibu kwa adabu, “Mimi sina ugomvi na mkalimani wako, baba. Ila huu mtambo wangu una usemi wake. Niachie mgeni aje na familia yake yote.” Akatoa kabatini diski za mfumo wa zamani, alizokuwa ameziokota kwenye boksi la takataka mwaka ambao wenzake walikuwa wakitupa. Kwa siku tisa alijenga chumba. Akakifungia mlango wa mtandao, kwa sababu mfumo ule hauna tena anayeulinda, na mgeni mzee usimwache barabarani. Siku ya kumi mtambo ukagonga ukurasa wa kwanza, Profesa akapitisha vidole mpaka chini kabisa, akasema, “Umefika baharini.” Bi Tulia hulieleza tukio hilo kwa kuangalia pembeni.

Na msidhani alimchukia mkalimani. Programu yetu ya kamusi na ile ya kuchapa lebo za majalada, ambazo hazina siri na mtambo wowote, alizipa mkalimani wiki hiyohiyo. Zinakwenda vizuri mpaka leo, wala hazijawahi kuomba hata chai. Alikuwa akituambia tusipende njia, tutazame kazi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, au letu.

Mfumo wa zamani ukitumika hukusanya takataka, na ukikusanya sana huanza kusahau mambo. Kwa hiyo Bi Tulia alikipiga chumba picha siku kilipokuwa safi, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, alikirudisha kwenye picha hiyo. Chochote kilichobaki ndani tangu Jumatatu iliyopita kilifutika. Kila mtu idarani alijua kwamba Ijumaa jioni unatoa vitabu vyako nje. Walijua vile unavyojua kiti kipi mguu wake umelegea. Hakuna mahali palipoandikwa.

Utaratibu huo wa kila mtu kutoa vyake mwenyewe ulianza mimi nikiwa likizo ya uzazi. Kabla ya hapo yeye alikuwa akinitolea vitabu vyangu bila kuniambia. Nikarudi. Mtoto ana miezi mitatu, mimi nina usingizi wa miezi mitatu. Nilipewa kitabu cha hesabu cha darasa la mtihani. Nikakiandika wiki nzima, kurasa mia moja na kumi na mbili, na sehemu na vipeo na majedwali, nikakihifadhi ndani ya chumba cha mgeni kwa moyo mweupe, nikaenda nyumbani. Jumatatu nilipofika Bi Tulia alikuwa ameshakunywa chai.

Nilitafuta faili mara ya kwanza kwa utulivu. Mara ya pili nikaanza kufungua kila kitu. Mara ya tatu nikasikia maziwa yanashuka na blauzi inalowa, na nikajua nitalia, nikalia. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita.

Bi Tulia alisimama nyuma yangu. Nilitegemea aseme nilikuwa wapi wenzangu walipoambiwa. Yeye alivuta kiti, akakaa, akasema, “Kosa ni langu, mwanangu. Jambo ambalo liko kichwani mwangu tu, wewe ungelijuaje?” Kisha akachana kitabu cha hesabu katikati, kwa mikono yake, kitabu kizima cha ofisi, akanipa nusu, akabaki na nusu. “Wewe sura ya kwanza mpaka ya saba. Mimi nina zilizobaki. Na huyo mtoto mlete, nyumbani hutatulia.”

Nikamleta. Siku sita alilala ndani ya boksi la karatasi za nukta nundu lililotandikwa khanga, mita nne kutoka kwenye mtambo unaogonga, na hakuwahi kulala vizuri hivyo kabla wala baada ya hapo. Profesa akawa anahakiki kurasa zikiwa bado moto, mguu wake mmoja ukilisukuma boksi taratibu. Yeye ndiye aliyempa mwanangu jina la Nukta, na mimi ndiyo nikawa Mama Nukta. Kitabu kilitoka siku tatu kabla ya muda. Shule zote zilipata.

Jumatatu iliyofuata palikuwa na karatasi ukutani, kwa herufi kubwa, na chini yake nukta nundu: IJUMAA TOA VYAKO NJE. Na mezani kwa Bi Tulia palikuwa na daftari jipya la jalada la kijani. Akaniambia humo ataandika yote: namna ya kupiga picha chumba, namna ya kukirudisha, namna ya kumpeleka mgeni mzima mzima kwenye kompyuta nyingine siku kompyuta hii ikichoka, na cha kufanya mtambo ukisema hauna karatasi na wewe unaiona karatasi. “Hili ni lako,” alisema. “Sitaki utegemee kichwa changu, kinazeeka.”

Aliliandika kwa miezi minane. Ametufundisha hivyo hivyo wote, watu kumi na mmoja kwa hesabu yangu, na watatu wao sasa ni wakuu wa mitambo kwenye viwanda vingine. Vitabu vilivyopita mikononi mwake vinazidi elfu mbili. Kuna mwalimu mmoja, haoni tangu kuzaliwa, aliyekuja kwenye hafla na kitabu chake cha kwanza cha kusoma, kilichochapwa hapa. Nukta zimelala kwa kusomwa sana. Alimwomba Bi Tulia aweke sahihi. Bi Tulia aliweka, halafu akaenda nje akisema anatazama kama maji ya chai yamechemka. Yalikuwa yamechemka zamani, tulikuwa tunakunywa.

Kwa niaba ya idara ya uchapaji, ya majalada, ya uhakiki, na ya yule mlinzi wa getini uliyemfundisha kutuma barua pepe: asante, Bi Tulia. Asante kwa kutukalisha kwenye kiti badala ya kutusimamisha pembeni. Asante kwa ile nusu ya kitabu. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na wajukuu wanaosikia ukiwaambia watulie. Ukae raha mstarehe, mama, umeifanyia kazi.

Ningeishia hapo, na meneja amenishauri niishie hapo. Lakini Bi Tulia sasa yuko kwa binti yake, safari ya siku nzima kutoka hapa, na simu yake anaishika mjukuu. Nimepiga mara tatu. Mara zote mtoto amecheka, akanipulizia mate, akakata. Ninachojua ni kwamba jarida hili Bi Tulia hulisoma toka mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi, akisahihisha. Kwa hiyo, Bi Tulia, kalamu iweke chini kidogo.

Chumba cha mgeni kiko wazi tangu Ijumaa uliyoondoka. Hatuthubutu kukizima, wala kukirudisha kwenye picha, maana kikiamka kitauliza neno la siri, na neno hilo kwa miaka tisa umekuwa ukiliandika wewe. Siku ya mwisho nilikuuliza, ukacheka ukasema vidole vyako vinalijua, wewe hulijui, na kwamba ukifika utakaa mezani, ujifanye unaandika, uone vinakwenda wapi. Jumatatu tatu zimepita. Mgeni ameanza kusahau mambo. Feni ya kompyuta inakoroma, na kompyuta mpya imefika, iko kwenye boksi, safari hii gundi nimeikata mimi. Kitabu cha sayansi cha darasa la mtihani kinatakiwa mwisho wa mwezi ujao na tuko sura ya nne. Profesa amehamishia kiti chake kando ya swichi ya ukutani na anamuuliza kila anayepita anakwenda wapi.

Kwa hiyo naomba unitumie vitu hivi, usisubiri vikamilike, chochote kilicho tayari kitangulie:

Neno la siri, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa jina langu. Kama vidole vimekataa mezani kwa binti yako, jaribu kwenye ukingo wa sinki. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya ukifikiri.

Diski yenye nakala ya chumba chote, ile uliyokuwa ukiibeba kwenye mkoba, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa cha bluu, kwa sababu hukuliamini kabati letu. Bado iko mkobani. Kitambaa baki nacho.

Daftari la kijani. Ulilichukua ukasema unalinakili upya kwa mwandiko mzuri. Silitaki zuri. Lilete na madoa yake ya chai, na zile kurasa ulizokata mistari.

Na barua, hata ya sentensi mbili, ya kutuambia umefika salama na unaendeleaje. Iandike kwa kile kibao na kalamu ya kutobolea tulivyokuzawadia kwenye hafla, kwa nukta nundu, upande wote mpaka mstari wa chini. Nimejitolea kumsomea Profesa nikipata ya wino. Amesema hapana, yako anataka kuisoma mwenyewe.